Tegemeo, Ukabidhi na Kistari: Istilahi za Mbinu za Jumla Zinazorithiwa

Fungu la maneno tunalolishughulikia katika makala haya hutokea katika maandishi ya watunzi wa programu za kompyuta. Mfasiri anayelifuata neno kwa neno kutoka Kiingereza aghalabu huandika hivi: "matatizo ya kudunga utegemezi katika njia za jumla zilizorithiwa." Maneno yote hayo ni ya Kiswahili, na sarufi yake haina kasoro. Lakini maana iliyokusudiwa haimfikii msomaji, na msomaji wa namna fulani hufikiwa na maana nyingine kabisa.

Msomaji huyo wa namna fulani hapatikani mbali. Tumchukue mtumishi wa idara ya afya katika mojawapo ya halmashauri saba za Mkoa wa Singida, tuseme Mkalama au Itigi. Kazi yake ya kila mwezi ni kushughulikia taarifa za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990. Zahanati ya kijijini huandika wagonjwa, wajawazito, chanjo na dawa katika vitabu vya MTUHA. Mwisho wa mwezi hujumlisha. Na jumla hizo huingizwa katika kompyuta, aidha kituoni penyewe au katika ofisi ya halmashauri, zikaonekana mkoani na wizarani. Programu inayopokea jumla hizo ni DHIS2, ambayo ilienezwa katika mikoa ya Tanzania Bara katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010. Iliundwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wenzao wa nchi nyingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwao. Maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote apendaye kuyasoma, na yameandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Java. Ndani ya maandishi hayo tatizo tunalolieleza limo, na dawa yake pia imo.

Sasa mtumishi huyo apewe mwongozo uliofasiriwa neno kwa neno. Kwake "kudunga" ni kazi ya sindano, na katika taarifa zake za chanjo neno hilo lina mahali pake. "Mtegemezi" ni mtu anayetibiwa kwa kadi ya mwanachama wa bima ya afya. "Njia" anazijua kuwa ni za uzazi wa mpango, nazo huzihesabu kila mwezi. "Kurithi" hufuatana na maradhi kama selimundu. Akiletewa ujumbe usemao kwamba udungaji wa wategemezi umeshindikana katika njia iliyorithiwa, hatadhani kwamba kompyuta ina hitilafu. Huenda akampigia simu mratibu wa chanjo. Ndiyo maana twaona kwamba ofisi ya afya ni mahali pazuri pa kuzipima istilahi hizi: istilahi itakayopita hapo bila kugongana na kazi za watu itapita popote.

Tuanze na lile ambalo twapendekeza liachwe kama lilivyo, nalo ni "kurithi". Wapo wanaolipinga kwa hoja kwamba kwetu mrithi hupata mali baada ya mwenyewe kufa, ilhali katika programu mzazi na mtoto hufanya kazi pamoja. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa mali tu. Mtoto hurithi sura ya baba yake na sauti ya mama yake wakiwa hai, wala hakuna anayewapunguzia wazazi kitu. Urithi wa programu ni wa namna hiyo ya pili. Historia yake nayo ni fupi: wazo hilo lilikamilishwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika lugha ya programu iitwayo Simula 67, mwaka uleule wa 1967 ambao Bunge letu lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa.

Kinachorithi na kinachorithiwa kiitweje? Mara nyingi tumeona kikiitwa "darasa", na mwanafunzi akiambiwa darasa limerithi darasa huona vyumba viwili vya shule. Twapendekeza "ngeli". Ngeli katika sarufi ni jamii ya majina yenye viambishi vyake na upatanisho wake. Ngeli katika programu ni jamii ya vitu vyenye sifa zake na mambo viwezavyo kufanya. Kila kituo cha afya kilichomo katika DHIS2 ni kitu kimoja cha ngeli ya Vituo. Kila jambo linalohesabiwa, kama vile watoto waliopata chanjo ya surua, ni kitu kimoja cha ngeli ya Vipengele. Jambo ambalo ngeli yaweza kulifanya twaliita "mbinu". Tumelikwepa neno "njia" kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Hapa twafika penye utamu wa somo. Kuna mbinu ambazo hazibagui ngeli: kuhifadhi, kutafuta, kusahihisha, kufuta. Mtu mwenye akili hataziandika upya kwa kila ngeli. Ataziandika mara moja katika ngeli mzazi, akiacha pengo pale ambapo ngeli ya kitu ingetajwa, na kila ngeli mtoto itazirithi na kulijaza pengo hilo. Mbinu za namna hiyo huitwa mbinu za jumla. Wafasiri wengi hupata taabu kulieleza pengo hilo, kana kwamba Kiswahili hakijapata kuwa na kitu cha aina hiyo. Ukweli ni kwamba kimo katika kila kamusi yetu. Fungua kamusi utafute kivumishi "-zuri". Kile kistari cha mwanzo ndilo pengo lenyewe. Hakuna Mswahili asemaye "-zuri" akanyamaza. Husema mzuri, kizuri, vizuri, pazuri, kwa kadiri ya ngeli ya jina linalosifiwa. Kamusi imeandika neno mara moja, nazo ngeli zote zinalitumia. Mwalimu akianzia hapo, wanafunzi wake watakuwa wameelewa mbinu ya jumla kabla hajawasha kompyuta.

Basi katika DHIS2 tunaweza kusema kuna Ghala la -, lenye mbinu zote za kuhifadhi na kutafuta. Na kuna maghala watoto, kama Ghala la Vituo na Ghala la Vipengele, ambayo kila moja limejaza kistari kwa ngeli yake.

Ghala peke yake haliwezi kufanya kazi. Linahitaji vyombo: mlango wa kufikia hifadhi ya taarifa, mlinzi wa kukagua ruhusa, na kadhalika. Chombo kinachohitajiwa na ngeli ndicho ambacho mfasiri wa neno kwa neno alikiita "utegemezi". Utegemezi ni hali ya kutojiweza. Nchi iliyotangaza siasa ya kujitegemea mwezi Februari 1967 haiwezi kulisikia neno hilo bila kukunja uso. Na kumwambia kijana wa Kitanzania kwamba ustadi wa kazi yake umo katika "kudunga utegemezi" ni kumvunja moyo. Kinachotajwa hapa si hali bali ni kitu ambacho kingine hukiegemea, na Kiswahili kina neno lake la siku nyingi: "tegemeo", wingi wake "mategemeo". Nguzo ni tegemeo la paa. Mtoto mwenye bidii ni tegemeo la wazazi. Mlango wa hifadhi ni tegemeo la ghala.

Tegemeo hupatikanaje? Ngeli yaweza kujitengenezea lenyewe, au kwenda kulitafuta. Njia zote mbili huifunga ngeli kwa kitu kimoja, isiweze kubadilishiwa wala kujaribiwa peke yake. Utaratibu ulio bora ni kwamba ngeli hutaja inachohitaji, na mwingine huileta. Zahanati ya Ikungi haichemshi dawa zake yenyewe. Huandika mahitaji yake, na dawa huletwa kutoka Bohari ya Dawa. Martin Fowler ndiye aliyeupa utaratibu huu jina lake la Kiingereza katika makala aliyoitoa mwezi Januari 2004, naye alichagua taswira ya sindano. Sisi hatulazimiki kuifuata taswira hiyo. Mtumishi wa serikali anayehama kituo hufanya makabidhiano. Mtunza ghala hukabidhiwa funguo. Kwa hiyo twapendekeza "kukabidhi", na tendo lenyewe liitwe "ukabidhi wa mategemeo".

Faida moja ya uchaguzi huu hatukuitazamia. Ile sehemu ya programu inayosimamia ukabidhi wote, ambayo wengine huiita "chombo" au "kontena", yaweza kuitwa "kabidhi". Neno hili tunalo tayari katika sheria: Kabidhi Wasii Mkuu husimamia mali za marehemu na kuzifikisha kwa wanaostahili. Kabidhi wa programu naye huamka mfumo unapowashwa, huunda vitu vyote, huangalia kila kimoja kinahitaji nini, na kukikabidhi. Katika DHIS2 kazi hiyo hufanywa na kiunzi cha programu kiitwacho Spring.

Sasa msomaji anazo istilahi za kutosha kulielewa tatizo lenyewe.

Kabidhi hutambua tegemeo kwa aina yake. Ngeli ikisema "nahitaji mlango wa hifadhi", na mlango wa hifadhi ukawa mmoja tu, hana shaka. Lakini ikisema "nahitaji ghala", nayo maghala ni mengi, lazima asikie kiambishi ili ajue ni ghala la nini. Mtu akikuambia "nipe kizuri" mbele ya kitabu, kalamu na chungwa, wajua kwamba ni kitabu; kiambishi kimekwambia. Akikuambia "nipe -zuri", utabaki umesimama. Wenye kutunga lugha ya Java walipoiongezea mbinu na ngeli za jumla mwaka 2004 walitaka programu za zamani ziendelee kufanya kazi pamoja na mpya, na kwa ajili hiyo walichagua ufutaji wa aina: kitafsiri, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa lugha ya mashine, hutumia viambishi kukagua upatanisho, kisha huvifuta. Mfumo unapokuwa kazini, kitu kilichotokana na Ghala la - hakikumbuki tena kistari chake kilijazwa nini. Ni kana kwamba mhariri amesahihisha upatanisho wa insha nzima kwa uangalifu mkubwa, kisha kabla ya kuipeleka kiwandani akaufuta kila mwanzo wa neno. Wapo wanaousifu uamuzi huo kwa kuwa uliwaokoa wenye programu kongwe. Sisi twauona kuwa wa busara kwa siku ile, na wenye gharama kwa miaka iliyofuata.

Gharama hiyo ilimwangukia kabidhi. Kwa miaka kadhaa Spring haikuweza kutofautisha Ghala la Vituo na Ghala la Vipengele pale ambapo ngeli iliomba "Ghala la -" lenye kistari kilichojazwa. Ililazimu kila ghala lipewe jina lake la pekee, na jina hilo litajwe kwa mkono. Toleo la nne la Spring, lililotoka Desemba 2013, liliondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo. Watunzi wake walitumia ukweli mmoja: viambishi hufutwa katika vitu, lakini tangazo la ngeli hubaki limeandikwa. Ngeli iliyotangazwa kwamba ni mtoto wa Ghala la -, na kwamba imejaza kistari kwa Vituo, huhifadhi tangazo hilo daima, na kabidhi aweza kulisoma. Hata tegemeo lililoombwa na mzazi kwa kistari kitupu huweza kujulikana, kwa kuwa kabidhi humtazama mtoto na kusoma alichojaza.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo vitabu vingi huipita kwa haraka, nayo ndiyo roho ya tatizo. Kistari chaweza kuwa cha ngeli au cha mbinu. Kikiwa cha ngeli, hujazwa mara moja na mtoto, kama jina "kitabu" lilivyozaliwa na ngeli yake na halibadiliki. Kikiwa cha mbinu, hujazwa upya kila mbinu inapoitwa, kama kitenzi kinavyopokea kiambishi kipya katika kila sentensi: namsoma, nakisoma, nayasoma. Kabidhi hufanya kazi yake mwanzoni, mfumo unapoamka, kabla sentensi yoyote haijasemwa. Mbinu ya jumla iliyorithiwa inayosema "wakati wa kuitwa kwangu nipewe ghala linalolingana na kitakachotajwa" inamwomba jambo ambalo kwa wakati wake halijulikani. Kabidhi hana uzembe hapo, na toleo jipya la kiunzi halitamsaidia. Mambo mawili yanatokea katika saa mbili tofauti.

Dawa iliyomo katika DHIS2 inafaa kufundishwa. Ipo ngeli moja, msimamizi wa vitu vyote vyenye vitambulisho, ambayo haikabidhiwi ghala moja. Hukabidhiwa maghala yote kwa pamoja mfumo unapowashwa. Mbinu zake za jumla humtaka anayeziita aitaje aina kwa uwazi pamoja na kitambulisho cha kitu, ambacho katika mfumo huo huwa na herufi na tarakimu 11; kisha mbinu hulichagua ghala husika kutoka katika orodha iliyonayo. Kadhalika kila ghala mtoto humpa mzazi wake jina la ngeli lililojaza kistari, kwa maana mzazi hawezi kulikumbuka. Kiambishi kilichofutwa kimerudishwa, safari hii kikiwa neno kamili linalotajwa waziwazi. Wanasarufi watatambua kwamba ndivyo nasi tufanyavyo upatanisho ukishindwa kutofautisha: vitu viwili vikiwa vya ngeli moja, tunaacha "kile" tunataja jina.

Kuna usumbufu mwingine ambao tutaugusa tu. Mzazi akikabidhiwa mategemeo yake kupitia kwa watoto, kila mtoto hulazimika kuyapokea na kuyapandisha juu hata kama mwenyewe hayatumii. Siku mzazi akiongezewa tegemeo moja, watoto wote huandikwa upya. Kwa hili wataalamu hupendelea mzazi awe na mategemeo machache, na kazi za ziada zipewe ngeli nyingine iliyo jirani badala ya kurithiwa. Kwa mfasiri hakuna istilahi mpya hapo.

Turudi kwenye ujumbe wa hitilafu, kwa kuwa ndio unaosomwa na watu wengi zaidi. Kabidhi wa Spring anapokuta mategemeo mawili pale alipotakiwa kuleta moja, hukataa kuendelea na husema kwa Kiingereza kwamba alitarajia kitu kimoja kinacholingana akakuta viwili. Vitu vinavyosimamiwa naye, katika lugha ya watunzi wa Java, huitwa kwa neno la mzaha litokanalo na kahawa, na kamusi ya kawaida itampa mfasiri "haragwe". Mtumishi wa afya Kiomboi akisoma kwamba lilitarajiwa haragwe moja yakapatikana mawili atafikiri ni taarifa za lishe. Sisi tungeandika: "Lilihitajika tegemeo moja la aina ya Ghala, yamepatikana mawili: Ghala la Vituo na Ghala la Vipengele. Taja lipi likabidhiwe." Asiyejua programu hata kidogo aweza kuusoma ujumbe huo kwa simu, na fundi aliye Singida mjini au Dodoma akaelewa mara moja pa kuanzia. Na lile fungu la mwanzo tungelifasiri hivi: "matatizo ya ukabidhi wa mategemeo katika mbinu za jumla zinazorithiwa."

Kwa matumizi ya kila siku, vitenzi vyake ni hivi: kabidhi hukabidhi, ngeli hukabidhiwa, tegemeo hukabidhiwa kwa ngeli. Tusiseme "kukabidhisha", ambalo halina kazi hapa. "Mrithi" litumike kwa ngeli mtoto pale tu ambapo "mtoto" litaleta utata, kama katika taarifa zinazohesabu watoto wa chini ya miaka mitano. Wapiga chapa waangaliwe kwa makini, kwa kuwa wana desturi ya kuviondoa vistari vinavyoning'inia mwishoni mwa neno wakidhani ni makosa. Ghala la - likichapwa "Ghala la", maana yote imepotea. Ubaoni mwalimu aandike kistari kirefu, na chini yake aache nafasi ya kutosha kuandika Vituo, Vipengele, Watumiaji na chochote ambacho wanafunzi watakitaja.